Koti Limerudi Kwenye Msumari Wake

Mama,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa sauti, na pimbi waliokuwa wanaota jua hapa jiweni wamegeuka kunitazama. Wameona si jambo linalowahusu, wamelala tena. Nimekaa pale pale ulipokuwa unaanika mlenda, kwenye lile jiwe pana nyuma ya nyumba, na mlenda wa mwaka huu uko pembeni yangu umekauka vizuri. Nimeupeta na kuutoa mchanga wote, kwa hiyo usinitolee macho.

Nina habari kubwa ya kukupa, lakini nataka kuitelemkia polepole. Wewe mwenyewe hukumpenda mgeni anayeanza na alichokijia kabla hajaulizia kuku.

Haya, kuku wazima, isipokuwa yule mweusi aliyekuwa anatagia kwenye kapu la nguo. Nguchiro amempata. Nilitoka jikoni na mwiko, nikapiga kelele zote ninazozijua, nikachelewa. Vifaranga wake nimewalea mimi, na sasa wananifuata mpaka kisimani na kunitia aibu mbele za watu. Nungunungu wa mihogo bado anakuja. Ameniachia mwiba mmoja mrefu karibu na mlango wa jiko, ninautumia kugawia nywele ninaposuka. Na yule kobe mwenye alama ya rangi ya bati mgongoni, aliyopakwa na kaka Nehemia alipokuwa mtoto, alitoweka kiangazi chote tukasema basi, kafa. Mvua ya kwanza tu, huyo, katikati ya ua, anatembea kama mtu aliyetoka kununua chumvi.

Hondohondo wako naye hajaacha vita yake na dirisha. Anatua kizingitini, anamwona hondohondo mwenzake kwenye kioo, na hapo hapo ngumi zinaanza. Siku za msiba nilikitoa kile kitenge chako cha njano ulichokuwa unamfunikia kioo, nikakificha chini ya godoro kisije kikagawiwa. Akapata nafasi. Alikigonga kile kioo kwa muda wote ambao watu walikuwa wanakulilia, mpaka mchungaji akasimamisha sala na kuuliza ni nani anayebisha hodi. Watu wakacheka, Mama. Kwenye msiba wako watu walicheka, na mimi nilifurahi kwamba walicheka.

Sasa habari yenyewe.

Mama, tulifanya kosa. Nasema tulifanya, ukoo mzima, mchana kweupe, tukiwa tumekaa kwa heshima kwenye mikeka. Ilikuwa siku ya kumaliza matanga. Nguo zako zilitandazwa uani na mzee wa ukoo akaanza kugawa kama desturi inavyotaka. Vitenge vikaenda kwa mama wadogo waliotoka Haneti. Viatu vyako vya kanisani vikampata jirani mwenye mguu kama wako. Mimi nikapewa jembe lako na chungu cha mlenda. Mwisho likabaki koti la Baba, lile zito la kijani lililofifia, alilolivaa miaka yote aliyokuwa mlinzi wa ghala la mahindi kule bondeni, na wewe ukalirithi alipofariki. Kofia yake ilikuwa bado imekunjwa mfukoni.

Hapo Shangazi Loisi akainuka. Alinyoosha mkono akasema, "Hili ni la kaka yangu." Nani angembishia? Ni dada yake Baba, tumbo moja. Mzee wa ukoo akasema ni haki yake, tukaitikia wote kwamba ni haki yake. Akalikunja koti, akalifunga kwenye kanga, akalibeba kichwani akateremka nalo Mlali. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba pale tumemgawa mlinzi wa shamba.

Na unajua sheria ya siku ile. Kilichogawiwa kimegawiwa. Ukikirudia kukiomba, watu watasema marehemu wako hujamwacha akapumzika.

Jioni ile ile Nehemia alinikalisha chini. Unamjua anavyokaa akitaka kusema jambo zito, anafikicha magoti. Akasema nyumba yake ya Kikuyu, kule mjini, ina chumba kimoja kitupu, ina umeme, bomba liko uani, shule ya watoto wake iko karibu, na wananihitaji mimi shangazi yao. "Mlimani utakaa na nani, Damari? Na pimbi?" Nikamwambia pimbi ni majirani wazuri, hawaombi chumvi. Hakucheka. Alikuwa na hofu, Mama, na mimi nilimwelewa. Tukakubaliana msimu mmoja. Nikivuna chakula cha mwaka, nabaki mlimani na hakuna atakayenisumbua tena. Nisipovuna, tunafunga nyumba, naenda Kikuyu, shamba tunamwachia anayelitaka. Nilikubali haraka sana, kwa ujasiri wa mtu ambaye hajawahi kulinda shamba peke yake.

Mvua ilikuja kwa wakati. Nilipanda karanga chini karibu na korongo, mahindi juu, alizeti pembezoni kama ulivyokuwa unapenda ili zituonyeshe uso tukiwa jikoni. Kila kitu kiliota. Mahindi yalipoanza kubeba nilikuwa napita katikati yake nikijisifu kwa sauti. Niliwataja kwa majina: wewe, Nehemia, na baadhi ya watu wa kanisani ambao hawakuamini kwamba nitaweza.

Halafu Mwenyekiti akashuka.

Bado ni yule yule, nyani mkubwa mwenye sikio lililochanika. Ulimwita Mwenyekiti kwa sababu hafanyi kazi yoyote lakini hakuna kinachoanza kabla hajakaa. Alikaa juu ya kichuguu, akalitazama shamba, akanitazama mimi niliyekuwa kwenye dungu, kile kibanda chetu cha kulindia, nikipiga debe kwa fimbo. Kisha akashuka bila haraka, na kundi lote likamfuata. Nyani anajua mwanamke ni nani. Sijui nani aliwafundisha, lakini mwanaume wanamkimbia na mwanamke wanamtazama tu waone atachoka saa ngapi.

Wewe ulikuwa na dawa yao. Ulikuwa unavaa lile koti juu ya kitenge, kofia unaivuta mpaka kwenye nyusi, unazunguka nyuma ya jiwe refu kwa kificho. Kwanza unakohoa. Kikohozi cha Baba, kile kizito cha tumbaku, mara mbili. Kisha unajitokeza unatembea pole, bega la kushoto limeshuka, fimbo mkononi. Mwenyekiti alikuwa anasimama, anajikung'uta, anaondoka na watu wake kwa adabu kabisa, na wewe unanigeukia huku kwenye dungu unasema, "Kikao kimeahirishwa."

Na ile hadithi yako ya siku ulipomtimua hata wifi yako! Hakuna mgeni aliyewahi kunywa chai hapa bila kuisikia. Mwaka ule Baba alipofariki, Shangazi Loisi anapanda mlima na unga wa uwele kichwani, wewe unatokea nyuma ya jiwe na koti lako. Ungo ukaanguka, unga wote chini. Na kilichokuchekesha kuliko vyote ni kwamba alichanganyikiwa mpaka akaja mbio upande wako badala ya kukukimbia. Ulipovua kofia na kumwambia, "Hata wewe nimekutimua!" ndipo akageuka akateremka mlima bila hata kuokota ungo. Hakupanda tena mpaka kwenye msiba wako. Kila alipoitwa alisema magoti yanamuuma, na wewe ukasema wifi yako ana magoti ya kuchagua milima, harusini yanapona. Wageni walikuwa wanashika mbavu. Mimi pia. Wewe ulikuwa unacheka mpaka unajifuta macho kwa upindo wa kitenge, halafu unanyamaza kidogo, unasema, "Basi, hanipendi tu." Kisha unawaongezea chai.

Kumbuka hapo uliponyamaza, maana nitaparudia.

Nilijaribu kila kitu. Nilimfunga mbwa karibu na karanga. Siku ya kwanza alibweka vizuri, siku ya pili Mwenyekiti alimsogelea akamwonyesha meno, siku ya tatu mbwa hakutoka uvunguni. Nehemia alinitumia koti lake la suti ya harusi, lile la kung'aa. Nilijaribu kuwa mwanaume ndani yake. Nilikunja uso, nikakohoa, nikatokea nyuma ya jiwe. Mama, walikaa chini. Walikaa wakanitazama kama wageni waalikwa wanaomsubiri bwana harusi aseme neno. Nyani jike mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anamenya karanga zangu, akanitupia maganda.

Nilicheka siku ile, lakini kila siku sehemu nyingine ya shamba ilikuwa inakwenda. Walianza na karanga za karibu na korongo, wakapanda kwenye mahindi. Wao hawali hindi moja wakashiba, wewe unawajua. Anavunja, anauma kidogo, anatupa, anavunja jingine. Nilianza kuona ardhi tupu katikati ya shamba. Nehemia alipiga simu akasema kwa upole kile chumba ameshakipaka rangi. Nilikata simu nikakaa kwenye dungu nikalia kwa sauti. Hakukuwa na wa kunisikia isipokuwa wao, na wao walikuwa wanakula.

Ndipo nikaamua kushuka Mlali kwa Shangazi. Sheria ya matanga nilikuwa naijua. Nilisema moyoni sitaliomba koti, nitapita tu kusalimia, na kama litatajwa, litatajwa.

Alinipokea vizuri. Alinipa ugali wa uwele na mlenda wake uliotiwa karanga, ule ambao wewe ulikuwa unasema ni kumvalisha mbuzi viatu. Mama, nisamehe. Ni mtamu. Niliupangusa mpaka chini ya bakuli. Tukazungumza mvua, tukazungumza kanisa, tukazungumza mbuzi wake aliyezaa pacha. Kila nilipofungua mdomo kusema lililonileta, yalitoka mengine. Nikaaga. Alinisindikiza mpaka kwenye uzio wa miiba akanishika mkono.

"Hukushuka mlima wote huu kwa ajili ya mlenda. Sema."

Nikamweleza nyani, shamba, na yale makubaliano yangu na Nehemia. Koti sikulitaja. Uso wake ulibadilika hata hivyo. "Koti lile liko sandukuni nimelifunga kwa ufunguo," akasema, "na humo litakaa." Nikamwambia, Shangazi, mimi sijalitaja. Akasema, "Ndiyo. Nimelitaja mimi." Akageuka akaingia ndani, hata kwaheri hakuniambia.

Nilipanda mlima nikigombana naye peke yangu njia nzima. Nilimwambia yote ambayo siwezi kumwambia usoni. Nilikusikia na wewe ukisema, si nilikuambia? Nilipofika niliosha vyungu vyako nikavifunga kwenye magunia, kimoja kimoja, na majani makavu katikati visigongane. Nikampigia Nehemia simu nikamwambia atakapopata gari aje kunichukua. Alijitahidi sana asifurahi. Chungu cha mlenda sikukifunga. Nilisema nitakibeba mkononi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda shambani kuvunja yale mahindi mabichi yaliyobaki, nisiwaachie wao yote. Nilikuta wameshafika. Mwenyekiti alikuwa ameketi amenyoosha miguu, hindi mkononi, na hata kunitazama hakunitazama. Niliinamia mstari wangu, yeye akaendelea na wake. Tulikuwa tunavuna pamoja.

Ndipo nikasikia mtu anakohoa nyuma ya jiwe refu. Mara mbili. Kile kikohozi.

Kisu kilinidondoka. Mwenyekiti aliweka hindi lake chini. Koti likatokea nyuma ya jiwe, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, bega la kushoto chini, fimbo mkononi, mwendo wa mtu asiyechelewa popote. Kwa kitambo sikujua ni Baba au ni wewe, na sikutaka kujua. Nyani majike waliondoka kwanza na watoto wao, kisha vijana, na Mwenyekiti mwisho, anageuka geuka nyuma. Shamba likawa kimya. Nikafungua mdomo niseme kikao kimeahirishwa.

Koti likakaa chini kwenye mahindi, likaanza kulia.

Nilikimbia. Alikuwa Shangazi Loisi, na magoti yake yalikuwa yanatetemeka yote mawili. Mama, magoti yale ni mabaya kweli. Nimeyaona kwa macho yangu yamevimba, yana joto. Harusini alikuwa anavumilia. Alikuwa ameanza kupanda tangu alfajiri, akipumzika kila penye jiwe.

Nilimletea maji. Alikunywa, akavuta pumzi, akanieleza habari ya siku ile ya unga, na hiyo ndiyo ninayotaka kukueleza wewe. Ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Hakuchanganyikiwa, Mama. Hakutishika hata kidogo. Alikuwa anapanda njia anamuwaza kaka yake aliyemzika msimu ule ule, akainua macho, akamwona. Koti lake, kofia yake, bega lake. Aliutupa ungo akamkimbilia. Ndiyo maana alikuja upande wako. Alikimbia kuupanda mlima, mikono ameinyoosha, akiwa na hakika kabisa kwamba yote yale, kaburi na matanga, yalikuwa makosa ya watu. Alikuwa amebakiza hatua chache kumshika. Ndipo ukavua kofia ukacheka.

"Siku ile nilimzika kaka yangu mara ya pili," aliniambia, "na aliyekuwa amesimama kaburini alikuwa anacheka."

Hakukuambia kwa sababu alijua hukukusudia. Na hakupanda tena ukiwa hai kwa sababu aliogopa, si wewe, aliogopa kule kufurahi. Alisema akimwona tena vile, atakimbia tena. Alipolidai koti siku ya matanga alitaka kulifungia tu, pasiwe na mtu mwingine atakayetoka nyuma ya jiwe nalo. Kisha nikaja mimi na habari za nyani. Hakulala. Alilitoa sandukuni, akalivaa mwenyewe, kwa sababu alisema kama lazima litembee tena mlimani, bora litembee naye awe ndani, asilione.

Nilimuuliza kama alikuchukia. Alinishangaa. Akasema ulikuwa unamwiga vizuri mno, hilo tu ndilo kosa lako. Akasema yeye aliyezaliwa na Baba, aliyekula naye sahani moja, hakuwa anajua kwamba bega lake moja liko chini mpaka alipoliona kwako. "Mama yako alimtazama kaka yangu kuliko sisi wote," akasema. Halafu akajifuta uso kwa mkono wa koti, akauliza kama nimekula.

Kwa hiyo, Mama, pale ulipokuwa unanyamaza baada ya kucheka, nakuomba ufute. Alikupenda. Nimemsikia mwenyewe, na nimemwona amekaa kwenye mahindi yetu analia kwa ajili yenu wawili.

Alibaki nami mpaka tukavuna. Nilivifungua vyungu. Tulipika mlenda kwenye vyungu viwili, wake na karanga, wako bila karanga, na nilikula vyote viwili ili pasiwe na ugomvi. Kwenye dungu hakuweza kupanda, basi nikamwekea kigoda chini ya kivuli chake, na kila asubuhi alinifundisha. Kukohoa kwanza. Nilikuwa nakohoa kama mtu aliyepaliwa na pilipili, akasema hata kifaranga hakikimbii hiyo. Kisha mwendo. "Acha kutembea kama unachelewa kanisani! Kaka yangu hakuwahi kuchelewa, watu ndio walikuwa wanawahi." Nilizunguka jiwe lile mpaka pimbi wakazoea. Hondohondo naye alimpata mtetezi: Shangazi alisema kumfunikia kioo ni kumwonea, mwachie apigane. Walipatana hivyo hivyo, yeye ndani anachambua mlenda, mwenzake nje anagonga.

Jioni nilimkanda magoti kwa maji ya moto na chumvi, na yeye akanisimulia Baba alivyokuwa mtoto. Ulijua kwamba aliogopa vyura? Mlinzi wa ghala zima!

Tulivuna, Mama. Si yote, Mwenyekiti alikuwa ameshachukua fungu lake, na kila akiniona ananitazama kwa kisirani kama mimi ndiye mwizi. Lakini mahindi ya mwaka yapo, karanga zimejaa kwenye dari la jikoni, na alizeti nimezipura mwenyewe. Nehemia alikuja na gari kunichukua, maana sikumwambia kwamba mambo yamebadilika. Nilitaka aone. Aliona magunia, akamwona Shangazi Loisi amekaa uani kwako miguu kaitumbukiza kwenye beseni, akakaa chini akaanza kufikicha magoti. Tukampa karanga za kuchemsha. Alikula sahani nzima, kisha akasema, "Mwakani ongeza karanga." Kile chumba cha Kikuyu amesema watalala watoto.

Gari lililokuja kunichukua limeshuka leo asubuhi na mahindi ya watoto wa Nehemia, na Shangazi kakaa mbele, magoti yake yamefunikwa kanga. Kabla hajatoka alilitundika koti nyuma ya mlango, kwenye msumari wake ule ule. Nilimwambia, Shangazi, hili ulipewa wewe. Akasema sandukuni litaliwa na nondo, hapa lina kazi. Kisha akanishika mkono kama alivyonishika kule kwenye uzio.

"Ila nikipanda nikakukuta nalo, niite kwanza kabla sijakuona. Nisikie ni wewe."

Gari lilipokata kona, nilimwona Mwenyekiti kwenye kichuguu. Naye alikuwa ameliona gari likiondoka na watu, akafikiri mambo yake. Karanga za mwisho bado zilikuwa zimeanikwa. Nikalivaa koti. Bado lina harufu yako na ya tumbaku ya Baba, na sasa ya dawa ambayo Shangazi anajipaka magotini. Nikazunguka jiwe refu, nikashusha bega, nikakohoa. Mara ya kwanza kilitoka chembamba. Mara ya pili, Mama, nilishtuka mwenyewe. Kilitoka chenyewe kutoka chini kabisa, na mimi sijawahi kuvuta tumbaku. Nikatokea. Mwenyekiti alinitazama muda mrefu sana, sikio lake lile lililochanika likacheza. Kisha akasimama, akajikung'uta, akaondoka.

Nilicheka, nikalia, nikaja hapa jiweni kukuandikia.

Nimemaliza, Mama. Jua limefika kwenye mlenda na pimbi wameanza kushuka kutafuta majani. Lala salama na Baba, na kama huko mnasimuliana, isimulie upya ile hadithi ya unga, sasa unaijua yote.

Nakuahidi jambo moja. Kila nitakapolivaa koti hili, nikimwona mtu anapanda njia, yeyote awaye, nitavua kofia mapema na kupaza sauti mpaka bonde liitikie: Ni mimi, Damari! Ni mimi! Hakuna mtu atakayewakimbilia tena wewe na Baba kwenye mlima huu akanikuta mimi.

Lakini ninyi wawili, siku mkipita hapa, msisumbuke kutaja majina. Kohoeni tu nyuma ya jiwe. Nitakuja mbio.

Mwanao,
Damari